Kineno 'off' na mgomo ambao haukuwapo

Haya ni mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita.



Wiki hii naanza kwa kuungama. Nilipokuwa katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii ya utangazaji, cheti changu cha diploma ya uandishi wa habari kikiwa bado kinanukia wino, nilitangaza mgomo ambao haukuwapo.

Ilikuwa jioni, yapata saa 1 na dakika 40. Taarifa ya habari ilikuwa isomwe saa 2 kamili usiku. Ikaletwa mezani kwangu karatasi kutoka hospitali moja mkoani, imeandikwa kwa Kiingereza kama zilivyo karatasi nyingi za maofisi yetu. Wauguzi wa hospitali hiyo walikuwa wametishia kugoma, na watu walikuwa wakingoja kusikia mwisho wake. Karatasi ile ilisema mgomo "has been called off".

Mimi neno "call" nililijua tangu shule ya msingi. Ni kuita. Mtu huitisha mkutano, huitisha mgomo. Na "off" nilidhani nalijua vizuri zaidi, maana hata kijana wa mjini asiyejua Kiingereza husema, "Leo niko ofu," yaani leo sina zamu. Nikajumlisha moja na moja. Wauguzi wameitwa wakae ofu! Nikaandika kwa haraka: "Mgomo wa wauguzi umeitishwa." Mhariri wa zamu, naye akikimbizana na saa, akapitisha. Saa 2 ilipogonga, sauti yangu mwenyewe ikaisoma habari ile kwa madaha yote.

Kumbe "call off" maana yake ni kufuta, kuvunja, kusitisha. Na Kiswahili nacho kilinicheka. Kati ya "umeitishwa" na "umesitishwa" pana herufi moja tu, S. Herufi hiyo moja ndiyo niliyowanyima wasikilizaji usiku ule.

Tulisahihisha katika taarifa ya asubuhi. Lakini habari ya redio ni kama jiwe lililokwisha kutoka mkononi. Siku ya nne mapokezi wakaniita, kuna mgeni wangu. Nikamkuta mama mmoja wa makamo, amembeba mjukuu wake mgongoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma habari za mgomo?" Nikamjibu ndiye.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Usiku ule mtoto alikuwa na homa kali. Aliposikia kwamba wauguzi wamegoma, hakuona haja ya kwenda hospitali ile iliyo jirani naye. Akakopa nauli, akapanda basi la alfajiri kabla ya taarifa yetu ya masahihisho, akampeleka mtoto katika hospitali ya misheni, mwendo wa saa tatu. Walipofika mtoto alikuwa ameanza kutetemeka na macho yamepinduka. Mungu akajalia, akapona.

Sikuwa na la kusema isipokuwa kuomba radhi. Nikamweleza kwamba Kiingereza ndicho kilichonipotosha. Mama yule akaniangalia, akasema: "Mwanangu, mimi sikusoma hicho Kiingereza. Wewe ndiye uliyesoma kwa niaba yangu."

Maneno hayo sijayasahau mpaka leo. Na ndiyo yaliyonifanya nianze kufuatilia historia ya vitenzi hivi vya Kiingereza ambavyo mimi naviita vitenzi vyenye mkia. Hivyo ndivyo tutakavyovizungumzia leo.

Kitenzi chenye mkia ni kitenzi cha kawaida, tena mara nyingi kile chepesi kabisa, kinachofuatwa na kineno kama "up", "off", "out", "down" au "after". Kikishapata mkia, maana hubadilika. Chukua neno "look", kutazama. Ukisema "look for", ni kutafuta. "Look after", kutunza. "Look into", kuchunguza. "Look down on", kudharau. "Look up to", kumheshimu mtu na kumwona mfano wa kuigwa. "Look forward to", kungojea kwa hamu. Kitenzi ni kilekile, mkia ndio uliogeuka. Mtu aliyefundishwa kwamba "look" ni kutazama tu atatafsiri kwamba yaya anamtazama mtoto kwa nyuma!

Je, Waingereza waliyatoa wapi mambo haya? Tuanze mbali kidogo.

Kiingereza cha kale, kile cha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kilikuwa na tabia ya kuvitanguliza vineno hivi na kuvibandika mbele ya kitenzi. Mabaki yake bado tunayo. "Overcome", kushinda, ni "over" na "come". "Withstand", kustahimili, ni "with" na "stand". Hata "understand", kuelewa, ni "under" na "stand". Baadaye wakaja watu wa kaskazini, Wadenmaki na Wanorwe, kwanza kwa uvamizi kuanzia karne ya 8, kisha wakalowea na kuoa. Lugha yao ilikuwa ndugu ya Kiingereza, na maneno mengi ya nyumbani yakaingia kutoka kwao. Neno "take", kuchukua, ambalo leo huwezi kusema Kiingereza bila ya kulitumia, ni lao. Wapo wataalamu wanaoona kwamba watu hao walichangia pia kuizoeza Kiingereza tabia ya kukiweka kile kineno nyuma ya kitenzi.

Halafu ukaja mwaka 1066. William wa Normandi alivuka bahari kutoka Ufaransa, akaiteka Uingereza. Kuanzia hapo, kwa muda mrefu, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, ya baraza la mfalme na ya mahakama, na Kilatini kikawa lugha ya kanisa na ya wasomi. Kiingereza kikabaki jikoni, shambani na sokoni. Msikilizaji wa Afrika Mashariki halihitaji somo refu juu ya jambo hilo. Tunajua lugha ya ofisini ikiwa moja na ya nyumbani ikiwa nyingine.

Ndiyo sababu Kiingereza cha leo kina maneno mawili mawili kwa jambo moja, kama nyumba yenye mlango wa wageni na mlango wa uani. Mlango wa wageni umejaa maneno ya Kifaransa na Kilatini, kama "extinguish", "tolerate", "postpone", "investigate" na "discover". Mlango wa uani una "put out", "put up with", "put off", "look into" na "find out". Kuzima, kuvumilia, kuahirisha, kuchunguza, kugundua. Maana zinakaribiana, lakini watu wanaopita milango hiyo si wale wale, wala saa za kupita si zile zile.

Kuna kitabu cha kumbukumbu kilichoandikwa na watawa wa Peterborough, mashariki ya Uingereza. Kinafikia mwaka 1154, na ni miongoni mwa maandishi ya mwisho ya aina yake yaliyoandikwa kwa Kiingereza baada ya ushindi wa William. Mtawa mmoja anasimulia humo jinsi mfalme Stephen alivyomkamata askofu Roger wa Salisbury na jamaa zake, jambo lililotokea mwaka 1139, akawatia ndani mpaka waliposalimisha ngome zao. Kwa neno hilo la kusalimisha, mtawa hakutumia Kifaransa cha wakubwa. Aliandika kitenzi cha kutoa na kineno "up" nyuma yake, yaani "give up" ile ile ambayo kijana wa leo huitumia anapokata tamaa na mtihani. Kwa hiyo mkia huu una umri wa karibu miaka 900 katika maandishi, na tangu zamani umekuwa ukibeba mambo mazito, ngome na vifungo.

Tuvuke karne sita. Mwaka 1755, Dk. Samuel Johnson alichapisha kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza, yenye maneno yapatayo elfu 42. Aliifanyia kazi katika nyumba moja ya uwanja wa Gough, hatua chache kutoka Fleet Street, mtaa ambao baadaye ulikuja kuwa makao ya magazeti ya London. Katika dibaji yake Johnson alikiri jambo ambalo lingenifariji sana usiku ule wa mgomo kama ningalilijua. Alisema liko kundi la vitenzi ambavyo maana yake hugeuzwa na kineno kinachofuata, na kwamba hivyo ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote. Alitaja mifano kama "come off", "break off", "set out" na "take off". Akaeleza kwamba alivikusanya kwa uangalifu mwingi, asidai kwamba amevimaliza, ila alitumaini mwanafunzi hatavikuta tena kuwa ukuta usiopandika.

Ajabu ni kwamba, hata baada ya Johnson kuvitambua, vitenzi hivi vilikaa miaka mingine 170 bila jina lililokubalika na wengi. Mwaka 1925, Logan Pearsall Smith, mzaliwa wa Marekani aliyehamia Uingereza, alitoa kitabu kuhusu maneno na nahau, akaviita "phrasal verbs". Mwenyewe alisema kwamba jina hilo alipendekezewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Jina ndilo linalotumika mpaka leo. Kwa hiyo Waingereza walivisema vitenzi hivi kwa mamia ya miaka kabla ya kujua waviiteje. Mwenye lugha hana haja ya kuuliza jina la hewa anayoivuta. Mgeni ndiye anayeuliza.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1930, likatokea jaribio la kukirahisisha Kiingereza. Mwingereza C. K. Ogden alitangaza Kiingereza chake cha msingi chenye maneno 850 tu, kwa ajili ya dunia nzima. Katika hayo, vitenzi vilikuwa 18 tu: "come", "go", "get", "give", "put", "take" na wenzao. Waziri Mkuu Winston Churchill alilisifia wazo hilo katika hotuba yake katika Chuo Kikuu cha Harvard, Septemba 1943. Ukisikia maneno 850, unasema, ah, miezi miwili nimemaliza! Lakini mgeni amewekewa mtego hapo. Ukivifukuza vitenzi vingine vyote, kazi yao itafanywa na nani? Itafanywa na hivyo 18 pamoja na mikia. Utaondoa "tolerate" halafu utamletea mwanafunzi "put up with". Kwa hesabu ni maneno machache, lakini kwa maana ni msitu. Walimu wa lugha wa wakati huo waliliona tatizo hilo, na mpango ule haukufika mbali.

Mtu aliyetusaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni mwalimu aliyekaa na wanafunzi wageni darasani. A. S. Hornby alikwenda Japani mwaka 1924 kufundisha Kiingereza. Huko aliona kwamba mwanafunzi anaweza kujua maana ya neno na bado asiweze kulitumia, kwa sababu hajui kitenzi kinaandamana na nini katika sentensi. Yeye na wenzake wakaandaa kamusi kwa ajili ya mgeni, si kwa ajili ya mwenye lugha. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942, wakati vita vimekwisha wagawa Wajapani na Waingereza. Mwaka 1948 wachapaji wa Oxford wakaitoa tena, na vizazi vya kamusi hiyo ndivyo vile vitabu vinene ambavyo wengi wetu tuliviona kwenye meza ya mwalimu wa Kiingereza, aghalabu jalada likiwa limeshikizwa kwa gundi.

Sasa turudi nyumbani. Kwa nini mimi, niliyefaulu sekondari na kutunukiwa diploma, nilishindwa na "call off"?

Tangu mwaka 1967, mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma kwa Kiswahili. Akiingia sekondari anageuziwa kibao, masomo karibu yote yanakuwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo Kiingereza tulichokipata ni cha vitabu vya sayansi na jiografia. Tulipitishwa mlango wa wageni peke yake. Nilijua "evaporation" kabla ya kujua "dry up". Nilijua "extinguish" kwa sababu iliandikwa kwenye mtungi wa kuzimia moto, lakini mtu angeniambia "put out the lamp" ningeitoa taa nje uani. Uani kwenyewe kwa Waingereza hatukupata kufika, na huko ndiko watu wanakoishi.

Baada ya aibu ile nilimwendea mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa jirani yetu. Nikamwambia, "Mwalimu, lugha hii ina wazimu." Akacheka, akaniuliza, "Na yako je? Mtu anayepiga simu anaipiga kwa fimbo? Anayepiga pasi? Anayepiga chafya? Na mla kiapo ameshiba?" Nikanyamaza. Akaendelea: "Sisi tunasema funga, fungua, fungia, fungana, fungisha. Mgeni akikosa irabu moja, aliyefungiwa mlango anakuwa amefunguliwa. Waingereza hawawezi kuivuta mikia ya vitenzi vyao kama sisi, kwa hiyo wanaiweka kando. Hakuna wazimu hapo. Ni ufundi ule ule, ila wao wameuweka mahali pengine."

Mwalimu yule alinipa masharti machache ambayo nayatoa leo bure kwa kila kijana anayehangaika.

Kwanza, usiandike kitenzi peke yake katika daftari. Andika sentensi nzima, tena sentensi ya maisha yako. Usiandike kwamba "put off" ni kuahirisha. Andika kwamba mkutano wa wazazi umekuwa "put off" mpaka Ijumaa. Kichwa hushika kisa kuliko orodha.

Pili, jua kwamba mkia mmoja unaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Ukiambiwa "turn down" redio, punguza sauti. Lakini ombi lako la kazi likiwa "turned down", limekataliwa. Ndege ikifanya "take off" imeruka, na mtu akifanya "take off" kwa viatu amevivua. Maneno yanayozunguka ndiyo yatakayokuongoza.

Tatu, angalia kiwakilishi kinakaa wapi. Husemwa "put it off", kile "it" kikiingia katikati. Ukisema "put off it" umejitangaza ugeni. Lakini yapo makundi yasiyokubali kupasuliwa. "Look after" huwa "look after it", na "put up with" huwa "put up with it". Hapa hakuna njia ya mkato, ni kusikia na kuzoea.

Nne, na hili ni la watu wa redio, sikiliza mkazo. Mwingereza akisema "called off", sauti hukikazia kile kineno cha mwisho. Anakuambia kwa sauti kwamba uzito uko hapo. Mimi nilisoma kwa macho, nikautupa mkia kama mtu anayemenya ndizi akala ganda.

Na tano, usipojua, uliza. Dakika 20 zilinitosha kuinuka na kumwuliza mwenzangu. Sikuinuka kwa sababu niliona haya. Niliona vineno vile ni vidogo mno kwa mtu mwenye diploma kuviulizia. Neno refu lingenitisha, ningefungua kamusi. Neno dogo lilinipita mbele ya macho kama mtu ninayemfahamu.

Wako wanaodhani nawahimiza watu waabudu Kiingereza. La hasha. Ningependa taarifa ya hospitali ya wananchi iandikwe kwa lugha ya wananchi, na usiku ule kusingekuwa na cha kutafsiri. Lakini madhali karatasi zinaendelea kuja kwa lugha hiyo, maagizo ya dawa, mikataba ya kazi, barua za mikopo, lazima awepo mtu katikati anayezielewa hadi mkiani. Mtu huyo ni mwandishi wa habari, ni karani, ni mwalimu, ni kijana wa kidato cha nne anayemsomea bibi yake barua. Anasoma kwa niaba ya mwingine, na akikosea, si yeye atakayepanda basi la alfajiri.

Siku ile mama aliponiaga nilimpa nauli aliyokuwa ameikopa. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea kwa mikono miwili. Mtoto mgongoni alikuwa amelala. Nilirudi mezani, nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika "off" kwa herufi kubwa, nikakibandika ukutani mbele ya kiti changu. Nimehama meza mara kadhaa tangu wakati huo, na kila nilipohama nimekihamisha nacho.

Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.